Kidogo Kidogo: Neno kwa Wanaoacha Dawa za Usingizi

Somo: Kutoka 23:29–30



Katika somo letu Waisraeli wangali jangwani, hawajaingia katika nchi waliyoahidiwa. Mungu anawaambia ya kwamba atawaondoa adui zao mbele yao. Mtu angedhani kazi hiyo itakwisha kwa siku moja, kwa kuwa aliyeipasua bahari usiku mmoja hashindwi na neno. Lakini sivyo alivyoahidi. Alisema ya kuwa mwaka mmoja hautatosha. Ataendelea polepole, hata watu wake wawe wengi na kuweza kuikalia nchi. Na sababu yake aliitoa waziwazi: nchi ikiachwa tupu kwa ghafula, wanyama wa mwitu watazidi ndani yake, na wale walioingia hawatawaweza.

Tuliangalie neno hili vema. Mwendo ule wa polepole haukutoka katika udhaifu wa Mungu, wala haukuwa adhabu ya imani haba. Ulikuwa huruma yake. Aliwapimia watu wake ushindi kwa kadiri ya nguvu zao za kuupokea.

Nimelichagua somo hili mwezi huu kwa ajili ya jambo ambalo wengi wetu hulificha chini ya mto wa kulalia. Nasema habari za vidonge vya usingizi na vya kutuliza wasiwasi: diazepamu, ambayo wengi huiita Valium, na ndugu zake lorazepamu, alprazolamu na klonazepamu. Wako wanaovimeza mwaka wa tatu au wa kumi sasa. Wanataka kuviacha, wala hawajui njia. Na wengine wameviacha kwa njia iliyowatia hatarini.

Tusistaajabu kwamba watu wa Kagera wamepoteza usingizi. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuikalia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambulikana hapa mkoani, na tangu hapo nyumba ngapi zilibaki na bibi na wajukuu tu? Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikawachukua mamia ya watu. Tarehe 10 Septemba 2016 nchi ilitetemeka, nyumba zikaanguka Bukoba na vijijini, na wako ambao hata leo hushtuka lori zito likipita barabarani. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wakafa watu 19. Mwezi wa Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitujia. Tena kila nyumba ina msiba wake usioandikwa gazetini: deni, mume aliyefariki, kesi ya kibanja, mtoto aliyeondoka asirudi.

Basi mtu akienda kwa daktari, naye akampa kidonge ili apate kulala siku chache za msiba, hajatenda dhambi, wala daktari hajatenda dhambi. Martin Luther, tauni ilipoupiga mji wa Wittenberg mwaka 1527, aliandika ya kwamba Mungu ndiye aliyeumba dawa, na mtu anayezidharau anamjaribu Mungu. Hata leo diazepamu huokoa maisha ya mgonjwa aliyeshikwa na degedege lisilokoma. Kwa hiyo mtu asisome maneno haya akidhani kwamba nazitukana dawa.

Lakini kila dawa ina kipimo chake cha siku, kama ilivyo na kipimo cha uzito. Diazepamu ilianza kuuzwa mwaka 1963. Mmoja wa waliovumbua dawa za jamii hii ni Leo Sternbach, mwanakemia wa kampuni ya Hoffmann-La Roche. Zamani zile wengi walidhani ya kuwa wamepata dawa ya utulivu isiyo na deni. Miaka ikapita, deni likaonekana. Mwaka 1988 wenye mamlaka ya dawa katika Uingereza waliwaonya madaktari kwamba dawa hizi zitumike kwa majuma 2 hata 4 tu. Mwaka 2020 wenye mamlaka ya dawa katika Marekani nao waliagiza onyo kali liandikwe, kwamba mwili huzizoea, na ya kuwa kuziacha kwa ghafula kwaweza kumwua mtu.

Je, mwili huzoeaje? Mungu ameweka ndani ya ubongo wetu kitu cha kuutuliza, kinachopunguza mbio za fahamu ili mtu apate kupumzika. Dawa hii hukitia nguvu kitu hicho. Mara ya kwanza msaada ni mkubwa. Lakini ubongo ukisaidiwa kila usiku, mwezi baada ya mwezi, hujirekebisha, na utulivu wake wenyewe hulegea. Ninyi wakulima mnajua mgomba wenye mkungu mzito, ulioegemezwa juu ya mti wenye panda. Mti ule ukiung'oa kwa ghafula siku ya upepo, mgomba utaanguka pamoja na mkungu wake. Na mtu akiuliza kwa nini umeanguka, hatuwezi kujibu kwamba mgomba ulikosa imani.

Sasa niwape mfano, maana tunaelewa vizuri zaidi kwa mfano. Mfikirini mama mmoja mjane. Alipofiwa alipewa vidonge vya majuma mawili. Vilipokwisha akanunua vingine, na vingine tena, hata ikawa miaka mitatu. Siku moja akasikia katika mkutano wa maombi ya kwamba mwenye imani ya kweli hana haja ya vidonge. Akarudi nyumbani kwa furaha, akavitupa vyote chooni. Baada ya siku chache (kwa wengine ni baada ya juma zima, maana dawa nyingine hukawia kutoka mwilini) moyo ulianza kumpiga, mikono ikatetemeka, jasho likamtoka, mwanga na kelele zikamchoma, usingizi ukamwacha kabisa. Jirani mmoja akasema, “Ni mapepo.” Mwingine akasema, “Amerogwa.” Wa tatu akasema, “Imani yake ilikuwa ya midomo.” Naye mama mwenyewe akasema moyoni, “Ugonjwa wangu umerudi, mimi siwezi kupona kamwe.” Kisha usiku mmoja akaanguka kwa kifafa mbele ya wajukuu wake, ambacho hakuwa nacho tangu kuzaliwa.

Ndugu zangu, wote wanne walikosea. Wale walikuwa wanyama wa mwitu wa somo letu, walioingia katika nchi iliyoachwa tupu kwa siku moja. Kutetemeka, jasho, kukosa usingizi na degedege ni mambo ya mwili unaonyang'anywa ghafula kitu ulichokizoea. Daktari ayajua, nayo yaweza kuzuiwa.

Kwa hiyo nataka kuwafundisha mambo matatu.

La kwanza: kutupa dawa kwa siku moja si imani. Kumbukeni Ibilisi alipomchukua Bwana wetu hata kinara cha hekalu, akamtaka ajitupe chini. Alimletea Maandiko pia, akimwonyesha ahadi ya malaika. Bwana hakuikana ahadi ile. Alikataa kumjaribu Baba yake. Hekalu lilikuwa na ngazi, na mwenye kutaka kushuka alishuka kwa ngazi. Vivyo hivyo mtu aliyemeza vidonge hivi kwa muda mrefu amesimama mahali pa juu. Kushuka kwataka ngazi. Anayemwambia, “Ruka, Mungu atakudaka,” amechukua kazi isiyo yake.

Wala hatusemi habari za mbali. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Ambilikile Masapila, aliyekuwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu hili la Kilutheri, naye alifariki mwaka 2021. Simhukumu marehemu; Mungu ndiye ajuaye moyo wake. Lakini tunajua ya kwamba wako waliorudi kutoka kule wakaacha dawa zao za UKIMWI na za magonjwa mengine kwa sababu walijiona wamepona, nao wakapata madhara makubwa. Tujifunze hapo. Katika Amri ya Tano Katekisimo inatufundisha kwamba haitoshi kutomwua jirani kwa mkono. Yatupasa tusiudhuru mwili wake kwa njia yo yote, bali tumsaidie katika mahitaji yake yote. Neno la madhabahuni nalo laweza kuudhuru mwili. Basi naomba, asiwepo mchungaji, mwinjilisti, mzee wa usharika wala kiongozi wa maombi atakayemwambia mgonjwa aache dawa, au atakayewaita watu walete vidonge vyao mbele. Tumwombee mgonjwa, tumwekee mikono, kisha tumwambie, “Mama, endelea na dawa yako hata daktari wako aseme.”

La pili: kwenda polepole si ukosefu wa imani. Katika Marko sura ya 8 twasoma habari za kipofu wa Bethsaida. Bwana alimgusa mara ya kwanza, naye akaona kwa ukungu, watu wakamwonekania kama miti inayotembea. Bwana akamgusa tena, ndipo akaona vyema. Yeye aliyefufua wafu kwa neno moja hakuona aibu kumponya mtu huyu kwa hatua mbili. Nasi tusione aibu kupona kwa hatua ishirini.

Mtaalamu mmoja wa dawa katika Uingereza, Profesa Heather Ashton, tangu mwaka 1982 hata 1994 aliongoza katika mji wa Newcastle kliniki ya watu waliotaka kuziacha dawa hizi. Aliwasikiliza wagonjwa wenyewe, akaona ya kwamba wengi waweza kufika mwisho wa safari wakipunguza kidogo kidogo, kwa mwendo ambao miili yao yauweza. Mwaka 2025 vyama vya madaktari wa Marekani vilitoa mwongozo wa pamoja wenye shauri la namna hiyo: kwa kuanza, kupunguza sehemu 5 hata 10 katika kila 100, kisha kungoja majuma 2 hata 4 kabla ya kupunguza tena, na kwa kawaida kupunguza kusipite sehemu 25 katika kila 100 kwa majuma 2. Kwa mfano, mtu anayemeza miligramu 10 kila usiku aweza kuanza kwa kushuka hata 9, akakaa hapo mpaka mwili utulie. Na hatua ifuatayo hupimwa kwa hizo 9, wala si kwa zile 10 za mwanzo. Kwa hiyo kadiri ashukavyo hatua huwa ndogo zaidi. Safari yaweza kuchukua miezi mingi, kwa wengine mwaka mzima na zaidi. Aliyemeza kwa siku chache tu, daktari aweza kumwambia kwamba safari yake ni fupi.

Nimeyataja haya ili mjue ya kuwa njia ipo, lakini mpimaji wa njia ni daktari. Mtu asikate vidonge kwa kubahatisha, asimeze leo na kuruka kesho, wala asiazime vidonge vya jirani. Hatua ikiwa ngumu, na akae pale alipo mpaka apate nguvu, kisha aendelee. Wajawazito, wazee sana, na wenye kifafa wasianze hata kidogo bila daktari. Na mwenye kumeza fenobarbitali kwa ajili ya kifafa asidhani kwamba maneno haya yanamwambia aiache; dawa hiyo ndiyo ngao yake. Tena wako ambao daktari, akiisha kuwapima, ataona yafaa waendelee na dawa zao. Hao nao ni watoto wa Mungu kama sisi, wala wasihesabiwe kuwa nyuma.

Jihadharini na pombe. Anayeona usiku ni mrefu hushawishika kuongeza kikombe cha lubisi, au gongo, juu ya kidonge. Vitu hivi viwili vikikutana hupunguza pumzi, na mtu aweza kulala asiamke. Na kahawa, ambayo ni heshima ya nchi yetu na karibu ya mgeni, iwe ya asubuhi. Buni zitafunwazo jioni zakesha pamoja na mtafunaji.

Wako madaktari wafundishao usingizi pasipo dawa, na mafundisho yao mengi hayagharimu shilingi. Amka saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Usilale mchana kwa muda mrefu. Kitanda kiwe mahali pa kulala, si pa kuhesabu madeni. Usingizi ukikataa, usipigane nao. Ondoka kitandani, kaa kimya, omba au soma kidogo, na ukiona macho mazito rudi. Simu ya mkononi na ilale chumba kingine. Luther naye katika Katekisimo alifundisha kwamba, tukiisha kuomba jioni, twende tukalale mara kwa furaha. Alijua ya kuwa kulala ni tendo la imani, maana mtu alalaye amekubali kwamba ulimwengu utaendelea kushikwa na Mungu bila msaada wake.

La tatu: asiachwe mtu kushuka peke yake. Eliya, nabii mwenye nguvu, alichoka hata akaomba afe chini ya mretemu. Mungu hakumwanzia kwa karipio. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Maana alijua ya kuwa safari ingali ndefu. Hii ndiyo kazi ya usharika kwa ndugu anayepunguza dawa.

Wainjilisti, mkimjua mtu wa namna hiyo, fanyeni hivi. Mumsindikize hospitali siku ya kwanza. Tunayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapo Bukoba. Katika Muleba tunayo Ndolage ya kanisa letu, na Rubya na Kagondo za ndugu zetu Wakatoliki. Mpate ruhusa yake kumwambia mtu mmoja wa nyumbani mwake, ili dawa iwekwe mahali pamoja na kutolewa kwa kipimo. Mumtembelee siku zinazofuata kila hatua, maana ndizo siku za majaribu. Mumwambie mapema ya kuwa wasiwasi utapanda kisha utashuka, ili ukija asidhani ya kwamba ni ugonjwa wa milele. Msiitangaze habari yake katika ibada, wala msimwite teja. Mwili wake umezoea dawa aliyopewa kwa halali. Hiyo ni habari nyingine kabisa.

Na mkiona dalili hizi msingoje asubuhi: degedege, kuchanganyikiwa, kuona au kusikia yasiyokuwapo, au maneno ya kutaka kufa. Hapo ombeni mkiwa njiani, huku pikipiki au gari likienda hospitali. Mungu husikia maombi ya barabarani.

Nawe uliyekwisha kuvitupa vidonge juzi, nawe sasa watetemeka ukisoma haya: usione haya, wala usikawie. Nenda leo kwa daktari, umweleze ulikuwa ukimeza nini, kiasi gani, na tangu lini. Kurudi kwenye ngazi ni hekima, wala hakuna malaika atakayekucheka.

Nawe unayeanza safari, usihesabu hatua zilizobaki. Waisraeli hawakupewa ramani ya miaka yote. Walipewa neno la kwamba Mungu atawatangulia. Shamba moja likilimwa na kukaliwa, ndipo la pili. Usiku mmoja ukipita, umshukuru Mungu kwa huo. Naye Bwana wetu, aliyelala shetrini huku chombo kikipigwa na mawimbi, na akupe sehemu ya usingizi wake.

Tuombe. Ee Bwana, mlinzi wetu usiyelala, uwakumbuke wote wanaokesha usiku huu katika Bukoba, Muleba na kila mahali. Uwape madaktari hekima na subira. Utulinde sisi watumishi wako, tusiwatwike wagonjwa mizigo usiyowapa wewe. Uwaongoze polepole hata nchi yao ikaliwe tena na amani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.